Ubeti wa Saba Hauna Nyoka

Kasulu, Jumapili, alasiri.

Kipupwe kimeshika. Upepo unateremka na vumbi jekundu, dirisha la chumba changu cha kupanga halifungi sawasawa, na ninaandika nikiwa nimevaa sweta juu ya shati la kanisani. Hali ya moyo: imara. Nimeamua jambo, na ninaliandika hapa hadharani ili kesho asubuhi nisipate pa kukimbilia.

Jambo lenyewe linahusu nyoka, ushairi na baba yangu.

Nianze na nyoka. Mapema mwezi huu chatu alionekana katika shamba letu la maharage kule Makere. Si uvumi. Baba alimwona, Bibi alimwona, na jirani aliyekuja kuhakikisha alirudi kwake akitembea kinyumenyume. Alikuwa amejikunja kando ya kichuguu, mnene kama paja la mtu mzima, ametulia kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Nayo maharage yamekauka. Yakiachwa zaidi, maganda yatapasuka yenyewe na punje zote zitamwagika mavumbini, jasho la msimu mzima liwe chakula cha njiwa.

Baba alitaka kuita vijana wenye mapanga siku hiyohiyo. Bibi, yaani mama yake mzazi, alikataa. Alisema isato, ndivyo tunavyomwita chatu kwa lugha ya nyumbani, haguswi. Hunyunyiziwa unga, huombwa kwa adabu, kisha huachwa aondoke kwa wakati wake. Akaongeza kwamba siku watakapomuua, yeye atafunga mizigo na kwenda kuishi kwa shangazi yangu kule Nyakitonto.

Bibi hatishii hovyo. Mwanamke aliyevuka mpaka kutoka Burundi na watoto mgongoni na mkononi hashindwi kuhamia Nyakitonto.

Tatizo ni kwamba Baba ni mwinjilisti, na zaidi ya hapo ni mshairi. Utenzi wake uitwao "Usingoje" huimbwa na kwaya kuanzia kwetu Makere hadi Kibondo. Ni utenzi wa kumponda nyoka kichwa. Sasa chatu yuko katika shamba la mtunzi wa utenzi huo, waumini wanajua, na mama yake amemkatalia panga.

Aliyeingiza ushairi katika ugomvi huu ni mimi. Baraza letu la washairi hapa mjini hukutana Jumamosi katika darasa la kuazima, na zamu ya kuwasilisha makala ilikuwa yangu. Nilikuwa nimechagua kulinganisha namna washairi wanavyomwona nyoka: nani anamwogopa, nani anamchukia, nani anamheshimu. Nilipomweleza Baba kwa simu kwamba utenzi wake utakuwemo, alinipa sharti.

"Nitakuja kukusikiliza. Ukinishawishi, nitamwacha huyo mnyama. Usiponishawishi, Jumatatu naingia na vijana, na Bibi yako utamtunza wewe hukohuko kwenye chumba chako."

Nilikubali papo hapo. Mimi ni mtu wa hoja. Nimesomea Kiswahili na fasihi hadi chuo kikuu, nimesoma zaidi ya nilivyofundishwa, na sijawahi kukimbia mjadala. Nilijua nitashinda.

Hoja yangu ya kwanza bado naisimamia, na yeyote anayebisha aje baraza Jumamosi ijayo: washairi wengi wanaoandika juu ya nyoka hawaandiki juu ya nyoka. Nilipokuwa nikifundisha kwa kujitolea Kibondo, niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kutunga shairi lenye nyoka ndani yake. Nikapokea rafiki mnafiki, mchumba aliyeondoka na mwenye pikipiki, jirani mwenye wivu, na mgombea wakati wa kampeni. Nyoka wote walivaa viatu. Si wanafunzi tu. Watunzi wazoefu nao humkamata nyoka, wakamvua sumu na ulimi wake, wakampa binadamu wanayemchukia, halafu wakamfukuza shairini bila hata kujiuliza anakula nini na analala wapi. Huo ni ushairi wa mtu ambaye hajawahi kuinama akamtazama.

Kwa hiyo nilichagua tungo tatu ambamo nyoka hakuvishwa sura ya mtu.

Ya kwanza ni ya Mama Esperansi, Mkongomani aliyekuwa mwalimu kwao na sasa anaishi kambini Nyarugusu. Huja barazani anapopata kibali cha kutoka. Shairi lake linaeleza watu wanaokimbia mlima unaoungua, mizigo kichwani, watoto wakivutwa mkono. Nyoka anakatiza katikati ya miguu yao, naye akikimbia moto uleule. Hakuna anayeinua fimbo. Hakuna anayepiga kelele. Shairi halimsifu wala halimlaani. Linamwacha apite, basi. Kila ninapolisoma hujiuliza ni nidhamu ya namna gani ilimzuia mtunzi asiongeze funzo mwishoni.

Ya pili ni wimbo wa Bibi. Yeye hajiiti mshairi na hucheka nikimwita hivyo. Huuimba kwa Kirundi anapopalilia pembezoni mwa shamba, mahali nyasi zinapoanza, na mimi nimeufasiri hivi: ewe mrefu usiye na mguu, tumekuachia bonde, tumekuachia kivuli cha mawe, nawe tuachie njia wanayopita watoto. Ni maombi, lakini pia ni mkataba. Kila upande umepewa chake.

Ya tatu ni ya Baba. Huo utenzi waumini wa huku wanaujua kwa moyo, kwa hiyo nitanukuu ubeti wa kwanza tu:

Nyoka yuko majanini,
Ngozi yake ya thamani,
Usimuite jirani,
Ponda kichwa, usingoje.

Rasimu yangu ilizipanga tungo hizi kwa unadhifu mkubwa. Mama Esperansi nilimpa "mtazamo wa suluhu". Bibi nikampa "mtazamo wa jadi". Baba nikampa "mtazamo wa Kibiblia", nikaandika kwamba nyoka wake ameazimwa kutoka kitabu cha Mwanzo na kwamba mtunzi hakuongeza lolote isipokuwa mizani. Kuhusu ubeti wa saba niliandika kwamba "unachepuka", kwa kuwa ghafla unasahau nyoka na kuanza kuzungumzia kikapu.

Nililipenda sana neno hilo, unachepuka. Nilijiona mhakiki.

Lakini baraza letu lina desturi ambayo sijaisikia penginepo. Tunaiita kubeba. Ukitaka kupinga utungo wa mtu aliye hai, sharti kwanza uubebe: uukariri wote kwa kichwa, mbele yake, bila karatasi, hadi yeye mwenyewe aseme "umefika". Ukikosea mstari, unarudi mwanzo. Ukishafika, una haki ya kumuuliza swali moja, naye analazimika kujibu. Hapo ndipo unaruhusiwa kupinga. Desturi hii imeua mabishano mengi mazuri, kwa sababu watu wengi hupenda kupinga kuliko kukariri.

Sadoki, mshairi mwenzetu anayeendesha bodaboda, aliposikia habari za chatu alinicheka juma zima. Kila tulipokutana stendi alinipigia saluti. "Msomi, chatu wenu ana wakili mwenye digrii. Mimi kesi yangu ya pikipiki nilisimama peke yangu."

Alhamisi nilikuwa nikifua nguo uani huku nikiukariri utenzi wa Baba. Beti sita za kwanza ziliteleza kama maji ya sabuni, kwa kuwa nimezisikia kwaya ikiziimba tangu utotoni. Wa saba ukagoma. Nilishangaa, kisha nikakumbuka kwamba kwaya huuruka. Wanatoka wa sita, wanapiga makofi, wanaingia wa nane. Haumo katika masikio ya mtu yeyote. Ilinibidi niujifunze mkavu, neno kwa neno, bila sauti ya kunisaidia:

Kikapu kiko shambani,
Maharage yamo ndani,
Mwenye nacho simuoni,
Nimeita, nani aje?

Niliurudia mpaka povu likakauka mikononi.

Nadhani nilisimama na shati mkononi kwa muda mrefu, maana mama mwenye nyumba aliniuliza kama ninaumwa. Utenzi mzima hauna bustani. Hauna Hawa wala tunda. Una majani ya maharage, una kikapu, na una mtu anayeita. Kitabu cha Mwanzo nilikiingiza mimi, kwa sababu nilijua mtunzi ni mwinjilisti na sikuona haja ya kutazama zaidi. Lile neno linalofunga ubeti wa kwanza, usingoje, nililisoma kama amri ya mhubiri kwa waumini.

Haikuwa sauti ya mhubiri. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye aliwahi kungoja.

Nilimpigia Mama Esperansi, nikamsomea ubeti huo na kumweleza ninachoshuku. Nilitaka aniambie kama ninatia chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Bon. Sasa unauliza mimi ya nini? Baba yako iko muzima. Ulize ye."

Angeweza kunifariji kidogo. Hakufanya hivyo, na alikuwa sahihi.

Sikumpigia Baba. Naungama: sehemu moja ya kunyamaza kwangu ilikuwa heshima, na sehemu nyingine ilikuwa kiburi, kwa sababu nilitaka swali langu liulizwe barazani, mahali ambapo halikwepeki.

Jana, basi.

Baba alifika na koti lake la kahawia la ibada, na Bibi alikuja pia. Inaelekea hakuna aliyekubali kumwacha mwenzake peke yake na mimi. Waliketi benchi moja, huyu ncha hii na yule ncha ile, katikati pakiwa na nafasi ya kutosha familia nyingine. Mama Esperansi alikuwepo na kibali chake mkobani. Sadoki alisimama mlangoni, akamwambia Bibi kwamba kama kesi itaharibika, pikipiki iko tayari kumpeleka Nyakitonto bila malipo. Bibi alimwambia apunguze mdomo, lakini alitabasamu.

Nilisimama nikaubeba utenzi. Beti sita zilienda vizuri, na watu wawili watatu walianza kuimba chini kwa chini. Nilipoingia wa saba waliacha kuimba, maana hawaujui. Nilisikia bati likilia kwa upepo. Baba aliacha kunitazama. Nikamaliza zote, nikasubiri.

"Umefika," alisema.

Nikauliza swali langu moja. "Mtunzi, kikapu kile ni cha nani?"

Baba hakumwangalia mtu yeyote isipokuwa mama yake, kule ncha ya pili ya benchi. Bibi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya mchicha.

"Cha Goreti."

Nimekua katika nyumba ile, na sijawahi kulisikia jina hilo.

Kisha Baba akaeleza, akiwa amesimama, mikono mifukoni. Walikuwa wamevuka mpaka si zamani. Walikuwa wakivuna maharage katika shamba la watu ili wapate chakula, yeye akiwa mtoto na Goreti akiwa dada yake mkubwa. Walipomaliza mistari yao, Goreti alikumbuka kikapu walichokiacha upande wa chini. Baba alitaka kumfuata. Goreti akamwambia amngoje hapohapo, anarudi sasa hivi. Naye, kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, akangoja. Alicheza na maganda. Alipoona kimya kimezidi akaita, akaita tena. Chini ya majani kulikuwa na kifutu, yule nyoka mfupi, mnene, asiyehama hata ukimkaribia. Zahanati ilikuwa mbali. Hakufika.

Baba aliketi.

Bibi ndiye aliyeendelea. Alisema wimbo wake nao ni wa Goreti. Aliutunga msimu uliofuata, katika shamba lilelile.

"Huyu mwanangu alimkasirikia nyoka. Mimi nilikuwa na watoto wengine wa kulea, nipo nchi ya watu. Ningegombana na kila nyoka aliyemo humu ningeweza wapi? Nikaona niongee naye."

Hapo makala yangu yalivunjika katikati, na wote mlangoni na dirishani waliona. Nilikuwa nimemweka Baba sanduku la Biblia na Bibi sanduku la jadi, nikafunga kwa kamba ya istilahi. Kumbe washairi hawa wawili wametoka alasiri moja, kaburi moja. Mmoja alitunga asingoje tena. Mwingine alitunga asipoteze tena. Wameishi nyumba moja miaka yote hii, kila mmoja akiimba upande wake wa shamba, na mimi mwenye cheti nikawatenganisha kwa dini.

Hata hivyo sikuketi. Nawaomba wasomaji wangu wasidhani kwamba huzuni ilinifunga mdomo, maana hoja haifi kwa sababu mwenye hoja amelengwalengwa na machozi. Nilimgeukia Baba na kumwambia kwamba utenzi wake ni wa kweli kuliko nilivyoandika, na kwamba ninafuta neno unachepuka mbele ya mashahidi. Lakini nikasema pia kwamba mshtakiwa si yule. Kifutu alifanya aliyoyafanya. Aliyeko kwenye kichuguu chetu ni chatu: hana sumu, hula panya wanaotumalizia mbegu, na akisikia kishindo cha watu wengi huondoka. Kumpiga yeye kwa ajili ya Goreti ni kumhukumu mwingine.

Nilikuwa nimeisema vizuri. Niliona vichwa vikikubali.

Baba hakukubali. "Umenisoma," alisema. "Hujanishawishi. Tunavuna kwa kung'oa. Mkono unaingia chini ya majani kabla ya jicho. Chatu au kifutu, utamjua wakati mkono umeshafika."

Hapo alinishinda. Naandika hivyo kwa herufi zilezile ninazoandikia ushindi wangu: alinishinda. Hakuna nadharia iliyo na gumbuti.

Ndipo Baba akatoa uamuzi wake. Vijana watakuja Jumatatu kama alivyopanga, lakini kung'oa maharage, na mapanga yatabaki nyumbani. Mtu mmoja atatangulia mbele yao, mstari kwa mstari, akipiga majani kwa mti mrefu na kukanyaga kwa kishindo, ili yeyote aliyelala chini apate njia ya kuteremkia bondeni. Shamba likiisha salama, chatu ni wa Bibi. Huyo wa mbele akikataa, au akikimbia, panga litaletwa.

"Anayemtetea ndiye atatangulia," alisema.

Sadoki alicheka peke yake. "Wakili kapewa kesi aibebe kwa miguu."

Nilisema nitatangulia. Nilisema upesi mno, kama nilivyokubali sharti la kwanza.

Bibi akauliza kuhusu unga. Baba alisema hataki kuuona ukinyunyizwa. Saa hiyo atakuwa upande wa pili wa shamba akiomba. Bibi akasema sawa, aombe kwa sauti, asaidie. Nilidhani Baba atakasirika. Badala yake alisogea kidogo kwenye lile benchi. Kidogo tu, lakini nafasi katikati ilipungua.

Leo nimeandika makala upya. Vichwa vya habari vitatu nimevifuta. Nimebakiza tungo, nimeandika kila moja ilizaliwa wapi, na nimeeleza kwa nini mimi, baada ya yote, bado niko upande wa mkataba kuliko upande wa kuponda. Sijabadilisha msimamo. Nimebadilisha namna ya kumtaja ninayepingana naye, na nadhani hilo ni kubwa zaidi ya nilivyofundishwa kulithamini.

Gumbuti nimeazima kwa Sadoki. Ni kubwa, nimejaza soksi. Mti mrefu nitaukuta Makere. Nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya tabia za chatu, na nimegundua kwamba kusoma hakupunguzi hofu. Ninaogopa. Sitamwogopa chatu nikimwona. Nitamwogopa nisiyemwona, yule mfupi. Na kesho nyuma yangu kutakuwa na watu watakaoinamisha mikono kwa kuamini kwamba mimi nimepiga kila jani. Sijawahi kuaminiwa kiasi hicho na wasomaji wa makala yangu yoyote.

Jana jioni niliwasindikiza hadi kwenye gari la Makere. Bibi alinishika kichwa, akaniita mwana wanje, yaani mwanangu, akapanda. Baba alibaki chini hadi dereva akaanza kupiga honi. Sikumbuki lini mara ya mwisho alisimama karibu nami hivyo bila kunihubiria.

"Kesho kutwa nitakuwa mstari wa nyuma yako," alisema. "Ukisikia kitu majanini, usiniambie nikungoje. Niite."

Nilimjibu kwamba nitaita.

Saa ya kuamka nimeiweka. Gari la kwanza la Makere huondoka kabla ya jua kutoka, na nitakuwa ndani yake.